Binkd 1.1 na IPv6: nodi ya FidoNet iliyoko Moshi sasa inapigiwa

Ninachotathmini hapa ni binkd toleo la 1.1, programu ya kupeleka na kupokea barua za FidoNet, hasa upande wake wa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti wenye nafasi tele. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kwangu inaendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 iliyoko juu ya kabati la spea, kwenye karakana yangu ya redio na kompyuta hapa Rau, Moshi. Mwenye haraka achukue hili: iweke. Mwenye muda asome, kwa sababu kuna mambo ya rauta na ya watoa huduma wetu ambayo mwongozo wa programu hauyasemi, na yakikukuta utadhani binkd ndiyo mbovu.

Kwa wasioijua FidoNet: ni mtandao wa wapenzi wa kompyuta wa kutumiana barua na faili, ulioanzishwa na Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984. Nodi, yaani kituo, ya pili ilikuwa ya John Madill, Baltimore. Kila mtu alikuwa na kompyuta yake, modemu yake na laini yake ya simu. Usiku, gharama za simu zikishuka, mashine zilipigiana zenyewe, zikaachiana barua, zikakata. Anwani zake zinaandikwa kanda, neti na nodi, kwa mfano 2:999/123, na zote zimo kwenye orodha ya nodi inayotolewa kila wiki. Katikati ya miaka ya 1990 nodi zilipita 30,000 duniani. Leo ni chache sana, lakini waliobaki wana moyo nayo, na mimi ni mmoja wao.

Wala si kitu kigeni kwetu Afrika. Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilikuwa kinapitisha barua pepe kwa FidoNet mpaka kwenye mashine ya mtaalamu wa mitandao Randy Bush kule Portland, Oregon, kabla nchi ile haijapata kiungo chake cha kwanza cha intaneti mwaka 1991. SatelLife, shirika la Boston aliloanzisha daktari Bernard Lown, lilitumia programu za FidoNet kwenye HealthNet kuwafikishia taarifa za tiba madaktari wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, na mwaka 1993 likarusha satelaiti yake ndogo, HealthSat-2. Laini zilikuwa zinakatikakatika, kwa hiyo mfumo wa kuhifadhi barua na kuipeleka laini ikipatikana ulitufaa kuliko mwingine wowote. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, haya yalikuwa yameshasahaulika.

Sasa niingie kwenye kiini.

Zamani za modemu, ukiwa na namba ya simu ulikuwa nodi kamili. Unapiga na unapigiwa. Leo nodi nyingi zinatumia itifaki ya binkp juu ya intaneti, poti 24554, na binkd ya Mrusi Dima Maloff ndiyo iliyoifanya itifaki hiyo ikaenea. Ili upigiwe, unahitaji anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, ina biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3 tu, na fungu la mwisho la IANA, wasimamizi wa anwani wa dunia, liligawiwa tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, wanaogawa anwani kwa Afrika, walibaki na akiba muda mrefu kuliko wenzao, lakini tangu Januari 2020 nao wako kwenye hatua ya mwisho ya kubana matumizi. Kwa hiyo mtoa huduma anakuweka wewe na majirani zako wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye rauta yako, tazama anwani ya upande wa nje. Ukiona mwanzo wake uko kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko ndani ya fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Unaweza kupiga popote. Kupigiwa, hapana. Fungua poti kwenye rauta yako upendavyo, simu inaishia kwenye mtambo wa kampuni.

Hili linaniuma, na nalisema wazi. Mtu wa Ulaya aliyeunganishwa miaka ya 2000 alipewa anwani yake bila kuomba. Sisi tuliochelewa kuunganishwa tumefika ghala likiwa tupu, tukageuzwa kuwa wateja wa kusoma na kupakua. Kwenye mtandao wa wapenzi kama FidoNet, ambako maana yote ni kwamba mashine yangu na yako ziko sawa, hali hiyo inaumiza kuliko kwenye kuangalia video.

Kampuni inayoniletea faiba hapa Rau, nilipowaomba anwani ya IPv4 ya kudumu, walinipa bei ya vifurushi vya biashara, pesa ambayo karakana ya redio haiwezi kuilipa kila mwezi kwa ajili ya barua. Nikauliza kuhusu IPv6. Dada wa mapokezi hakuijua. Fundi wao aliyekuja kurekebisha waya wa jirani ndiye aliyenitobolea kwamba iko kwenye mtandao wao, ila kwenye rauta wanazogawa imezimwa. Ilikuwa kisanduku kimoja cha kutia tiki. Mashine zote za ndani zikapata anwani zinazofikika, hazipiti nyuma ya yeyote.

Upande wa binkd, cha kuzingatia kwanza ni toleo. Toleo la 1.0.4, ambalo wengi wanalo kwenye mashine za zamani, halitoshi, linajua IPv4 tu. Unataka mfululizo wa 1.1. Usitishwe na herufi ya a inayofuata namba, inayomaanisha kwamba ni la majaribio. Watu wanalitumia kazini miaka mingi na kwangu halijawahi kuanguka. Kwenye Debian, aina ya Linux, limo tayari, unaweka kama programu nyingine yoyote. Barua zenyewe nazipanga kwa crashmail, nayo imo humohumo Debian.

Usanidi ni faili moja la maandishi. Unaandika anwani yako ya FidoNet, jina la kituo, mahali, jina lako, poti, na mstari mmoja kwa kila nodi unayowasiliana nayo pamoja na nenosiri mliloelewana. Ukitaka nodi fulani ipigiwe kwa IPv6 pekee unaongeza -6 kwenye mstari wake, na -4 kwa kinyume chake. Usipoweka kitu, binkd inauliza DNS, kitabu cha majina na anwani za intaneti, inajaribu anwani zote ilizopewa kwa zamu, na kwa kawaida IPv6 inatangulia. Hapo ndipo ninapoipenda. Haikulazimishi uchague upande. Nodi yenye IPv6 inapigiwa kwa IPv6, isiyo nayo inapigiwa kwa njia ya zamani, na barua haijui tofauti.

Mara ya kwanza nodi ya nje iliponipigia nilikuwa nimeifungua kumbukumbu ya binkd kwenye kioo, chuma cha kulehemu mkononi. Mstari wa kwanza ulionyesha simu inaingia kutoka kwenye anwani ndefu yenye nukta pacha, ile ya IPv6. Ikafuata mistari ya kujitambulisha: SYS, jina la kituo, ZYZ, jina la mwenye kituo, LOC, mji wake, VER, programu anayotumia. Halafu nenosiri likakubaliwa kwa CRAM-MD5, njia ambayo nenosiri lenyewe halipiti hewani. Faili moja dogo likaingia. Mstari wa mwisho ukasema OK na idadi ya baiti zilizotumwa na kupokelewa. Yote kwa muda wa kumeza mate. Nilikiweka chuma chini. Kituo kilichoandikwa Moshi kwenye LOC yake kilikuwa kimepigiwa na mtu wa bara jingine moja kwa moja, bila msaada wa mashine ya tatu.

Kuna jambo moja dogo la jamaa wa FidoNet linalonifurahisha. Anwani za IPv6 zinaandikwa kwa tarakimu za 0 mpaka 9 na herufi a mpaka f, kwa hiyo f1d0, inayosomeka kama Fido, ni kipande halali cha anwani. Wenye nodi wengi wanaipa mashine yao mkia wa f1d0 ukifuatiwa na namba za nodi. Nodi ya mfano 2:999/123 inakuwa na anwani inayoishia f1d0:2:999:123. Ukiiona kwenye kumbukumbu unajua nani kapiga kabla hajajitaja. Kwenye Raspberry Pi yenye mfumo wa tangu mwaka 2023, unaoendeshwa na NetworkManager, unaipanga kwa kipengele cha ipv6.token, na anwani hiyo inabaki vilevile mashine ikizimwa na kuwashwa. Nakushauri ufanye hivyo hata kama hupendi mapambo, kwa sababu mashine ikiachiwa ijitungie anwani inaweza kutunga za muda zinazobadilika, na fayawoli ya rauta, ule ulinzi wake wa mlangoni, haitajua imfungulie nani.

Fayawoli yenyewe ndiyo inayowakwamisha wengi. Watu wanadhani IPv6 ikiwaka, kila kitu kiko wazi. Rauta nyingi zinazuia simu zote zinazoingia kwa IPv6, na ni vizuri zifanye hivyo. Fungua poti 24554 kuelekea anwani ya mashine ile moja tu, basi. Rauta niliyopewa na kampuni haikuwa na ukurasa wa kufanya hivyo. Ilikuwa na chaguo la kuzima fayawoli nzima, jambo ambalo kwa nyumba yenye simu za watoto na runinga sikubali. Nilinunua rauta ya mtumba pale mjini inayokubali OpenWrt, programu huria ya rauta, nikaiweka nyuma ya ile yao, kazi ya fayawoli ikahamia kwake. Gharama yote ya zoezi hili ni hiyo rauta.

Halafu kuna mwanangu wa Arusha, mtoto wa mdogo wangu, anakaa Sakina na anasoma mambo ya umeme. Yeye ni pointi, yaani kituo kidogo kinachochukua barua kwenye nodi yangu. Zamani barua yake ya kutoka Sakina kuja Rau, kilomita kama 80 kwa barabara, ilibidi iende kwanza kwenye mashine ya mtu Ulaya, ilale pale, mimi niifuate. Yeye yuko kwenye intaneti ya simu, IPv4 tupu nyuma ya kampuni. Nilipopata IPv6 mimi, yeye bado hakuweza kunifikia. Akanipigia:

“Shikamoo ba'mkubwa. Huku kwangu inakataa, inasema mtandao haufikiki.”

“Marahaba mwanangu. Huna IPv6 hapo, si kosa la binkd.”

Kwa aliye kwenye hali yake, njia zipo mbili, na moja inakufa mapema. Vile vichuguu vya bure vya Hurricane Electric, njia za kupitisha IPv6 ndani ya IPv4, ambavyo vinasaidia watu wengi duniani, vinataka uwe na anwani ya IPv4 inayofikika, kwa hiyo nyuma ya mtambo wa kampuni havifanyi kazi. SixXS, waliokuwa na njia ya kupenya hapo, walifunga Juni 2017. Inabaki kukodi seva ndogo nje yenye IPv6 na kuunganisha nyumbani kwako kwa kichuguu cha programu ya WireGuard. Kijana akakodi Johannesburg, wakagawana gharama na wenzake wa chuo. Barua yetu kwa hiyo bado inapita Afrika Kusini, lakini inapita tu, hailali kwenye mashine ya mtu ikisubiri ruhusa yake.

Na hapo likatokea tatizo ambalo nataka ulijue kwa undani, kwa sababu linafanana kabisa na ubovu wa binkd. Simu inaunganika. SYS inaonekana, ZYZ inaonekana, nenosiri linapita. Ujumbe mfupi unafika. Likija faili lenye ukubwa, linaanza kwenye baiti 0 na linabaki palepale mpaka muda unaisha na simu inakatika. Likirudiwa, vilevile. Sababu ni ukubwa wa pakiti. Kwenye IPv4 rauta ya njiani inaweza kuikata pakiti kubwa vipande. Kwenye IPv6 hairuhusiwi, inaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6, itifaki ya taarifa za njiani, kwamba pakiti ni kubwa, apunguze. Kichuguu cha WireGuard kinapitisha pakiti za baiti 1420, pungufu ya zile 1500 za kawaida. Mahali fulani katikati palikuwa na fayawoli inayozuia ICMPv6 yote, kwa ile tabia ya zamani ya kudhani ICMP ni ya wadukuzi. Ujumbe wa kupunguza haukufika kamwe, mtumaji akaendelea kutuma pakiti zilezile kubwa. Vipande vidogo vya kujitambulisha vilipita kwa sababu ni vidogo.

Dawa ni kushusha kipimo cha kichuguu mpaka 1280, kiwango ambacho kila kiungo cha IPv6 lazima kikubali, na kwenye rauta kuwasha kipengele cha kubana MSS, ukubwa wa vipande vya data. Kijana akafanya vyote viwili. Faili lilelile likaingia lote. Tafadhali, kama unasimamia fayawoli ya ofisi, chuo au hoteli hapa kwetu, usizuie ICMPv6 yote. Kwenye IPv6 ni sehemu ya kazi.

Kasoro nyingine ni ya watoa huduma wetu. Umeme ukikatika na rauta ikawaka upya, mara nyingine kile kichwa cha anwani ninachopewa kinabadilika, mkia wa f1d0 unabaki. Orodha ya nodi inatoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo usiandikishe anwani tupu. Andikisha jina la DNS, na weka skripti ndogo inayosasisha rekodi ya AAAA, ile ya anwani ya IPv6, kila anwani inapobadilika. Na ukiwa kama mimi, unafikika kwa IPv6 tu, mwombe mratibu wa neti yako akuwekee alama ya INO4 kwenye orodha. Inawaambia wengine kwamba huwezi kupigiwa kwa IPv4, wasipoteze muda. Kwamba mtandao wa mwaka 1984 una alama rasmi ya jambo hili, wakati programu nyingi za kisasa hazijui kama watu wa aina yetu wapo, kwangu ni heshima kubwa.

Sasa lawama kwa binkd yenyewe. Maelezo yake ni machache na yametawanyika, sehemu kwa Kirusi. Faili la mfano la usanidi ndilo mwalimu mkuu, lisome lote. Kubwa zaidi: ikikutana na nodi iliyoandikisha IPv6 iliyokufa, inasubiri mpaka muda wa kuunganisha uishe ndipo ijaribu IPv4. Vivinjari vya leo vinajaribu zote mbili karibu kwa pamoja na kuchukua inayojibu. Binkd haifanyi hivyo. Unaweza kufupisha muda wa kusubiri kwenye usanidi, au kuweka -4 kwa nodi husika, lakini unafanya kwa mkono, nodi baada ya nodi. Ningependa sana wanaoitunza walirekebishe hili, kwa sababu mgeni akikuta kila simu inachelewa atazima IPv6 na kusahau.

Pia usidhani IPv6 inakufungia barua isisomwe njiani. Haifungi chochote. Binkd ina uwezo wake wa kusimba kikao kwa chaguo la CRYPT, kwa nodi mliyopeana nenosiri.

Kwa mtu anayetaka kuwa pointi tu, kupiga na kuchukua barua, IPv4 ya nyuma ya kampuni inatosha, mradi nodi yake inafikika kwa IPv4. Asihangaike. Programu zenye kituo kizima ndani yake, kama Mystic na Synchronet, nazo zinajua binkp na IPv6, na kwa anayetaka wageni waingie kusoma na kucheza ni chaguo zuri. Kwa anayetaka nodi tulivu ya barua, kwenye kompyuta ndogo inayokula umeme kidogo, sijaona inayoifikia binkd. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ule usubiri wa anwani iliyokufa.

Ukiwa Moshi au Arusha na unataka kujaribu, anza kwa kuangalia rauta kama ina IPv6 iliyozimwa. Iwashe, kisha jaribu kufikia poti 24554 ukiwa nje ya nyumba, kwenye mtandao mwingine wenye IPv6, si kwenye Wi-Fi yako, maana ukiwa ndani fayawoli ya rauta haiguswi na utapata jibu lisilo la kweli.